Mikono Mfukoni

Saa ya chakula cha mchana, ukumbi wa chini wa lile jengo refu ulikuwa umefurika watu. Waliokuwa wakitoka walipishana kwa mabega na waliokuwa wakiingia, na wote waliikodolea macho milango miwili ya lifti. Mbele kabisa alisimama dada mmoja wa gauni la njano na kilemba cha kahawia, amekumbatia katoni nzito ya chupa. Kwa kuwa mikono yote ilikuwa na kazi, alikuwa akibonyeza kitufe cha lifti kwa kiwiko. Alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena, akasonya, kisha akabonyeza kwa hasira.

"Dada," ilisema sauti kutoka chini karibu na viatu vyake, "hata ukikibonyeza mpaka jioni, haiji haraka."

Alitazama chini. Mlango wa lifti ya pili ulikuwa wazi, umewekewa kizuizi chekundu, na nyuma ya kizuizi kichwa cha mwanamume kilikuwa kimechomoza kutoka shimoni.

"Wewe kichwa," alisema yule dada, "mwili wako uko wapi?"

Watu walicheka. Hata mlinzi, ambaye kwa kawaida hakuwa na muda wa kucheka, aligeukia ukutani kuficha kicheko.

"Uko kazini. Ndio unaotengeneza lifti unayoigombeza."

"Basi uambie ufanye hima. Nina jemu ya watu hapa, inasubiriwa ghorofa ya sita."

"Jemu ya nini?"

"Ya mapera. Kwani utainunua ukiwa humo shimoni?"

Fundi alipanda ngazi yake fupi, akatokeza mzima mzima: ovaroli ya buluu, bisibisi mfuko wa kifuani, grisi mpaka kwenye nyusi. Alijipangusa mikono kwa kitambaa, akaizungushia katoni gazeti ili asiichafue, akaichukua na kuanza kupanda ngazi. Njia nzima walitaniana. Alipofika juu hakuwa na pumzi, lakini alikuwa na namba ya simu na chupa moja ya ujira.

Jioni ileile alipiga.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Kichwa."

Kicheko kilimtoka yule dada kabla hajakizuia. "Enhe, kichwa kinasemaje?"

"Kimemaliza chupa. Kwa kijiko, bila mkate, kimesimama dirishani."

"Chupa nzima! Utaumwa tumbo, wewe."

"Nikiumwa utanijia?"

"Nitakuletea nyingine," alisema, akakata simu huku akitabasamu peke yake. Mama yake, aliyekuwa akimenya mananasi pembeni, alimtazama juu ya miwani na hakusema kitu. Mama wa aina hiyo asiposema kitu, ujue ameshasema.

Mapenzi yakashika kasi. Yeye alimwita Fundi, naye fundi akamwita Tamu, na baada ya muda hakuna aliyekumbuka kwamba walikuwa na majina mengine. Mara ya kwanza Fundi alipokaribishwa nyumbani kwa kina Tamu alivaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likang'aa, akaletewa stuli mlangoni mwa jiko. Jiko lenyewe lilikuwa dogo, dirisha linatazama bomba la maji machafu la jirani, lakini kila kitu humo kilikuwa kinameta: sufuria pana la alumini, mwiko mrefu uliogeuka mweusi kwa miaka, na safu za chupa zilizochemshwa, zimeinamishwa juu ya taulo safi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Lakini humu ndani mgeni huweka mikono mfukoni."

"Mama hatanii," alisema Tamu. "Mkono wa mtu ni uchafu hata ukitoka kuoshwa. Weka mfukoni."

Aliiweka. Akakaa hapo, mikono mfukoni, akimtazama mama akipika. Mama alikuwa na kisahani cheupe alichokigandisha kwenye friji. Jemu ikianza kuchemka kwa mapovu mazito, alidondosha tone juu ya kisahani baridi, akasubiri kidogo, kisha akalisukuma kwa ncha ya kidole. Tone likikunjamana kama ngozi ya mkono wa mzee, basi. "Imeiva," alisema, na moto ukazimwa papo hapo. Hakuwa akimuuliza mtu, wala hakuna mtu aliyethubutu kumwambia ongeza dakika. Tamu alikuwa akipika naye tangu shule, na bado kidole cha kusukuma tone kilikuwa cha mama.

Siku za kupika, Fundi akiwa kazini, simu yake iliita alasiri.

"Nyamaza usikilize," Tamu alimwambia, akailaza simu mezani kati ya chupa.

"Sisikii kitu, mpenzi."

"Si nimekwambia nyamaza?"

Kimya. Kisha: *tik*.

"Hiyo nini?"

"Kifuniko. Tunaimimina jemu ikiwa ya moto, tunafunga. Ikipoa, inakivuta kifuniko ndani, kinazama katikati, kinalia. Chupa iliyolia imejifunga. Hiyo inakaa kabatini mpaka mwakani."

*Tik.*

"Hiyo imeniita mimi," alisema Fundi.

"Imekuita muongo."

"Na isiyolia?"

"Haiuzwi. Hiyo tunaila wenyewe, mapema, kabla haijaharibika. Usinichekeshe, nyingine inakuja."

Wakawa hivyo, mmoja jikoni, mwingine amekaa juu ya sanduku lake la vifaa katika chumba cha mitambo, wakisikiliza vifuniko. Wapenzi bwana! Wengine hupelekana ufukweni. Hawa wawili walitosheka na chupa zinazopoa, na ukiwauliza leo watakwambia hizo ndizo zilikuwa siku zao bora.

Duka kubwa la vyakula la pale kona likakubali kumpa Tamu rafu nzima. Ilikuwa ndoto yake tangu anaanza. Alimwambia Fundi, akiwa amemning'inia shingoni: "Jemu ikishasimama kwenye ile rafu, nami nitasimama na wewe mbele ya watu. Sitaki kuolewa nikiwa bado nabeba katoni kwa kiwiko."

Siku ya kuandaa mzigo wa duka walipika tangu asubuhi, masufuria kwa zamu, mama kwenye kidole chake, Tamu kwenye mwiko. Mchana ulipokwisha, meza ilikuwa imejaa chupa za mapera na mananasi, zote zimefungwa, zinafuka joto. Mama alikwenda kulala kidogo kunyoosha mgongo. Tamu alipaswa kukimbilia kwa mpiga chapa kuchukua lebo kabla duka lake halijafungwa. Fundi alikuwa amekuja kubeba.

"Kaa nazo, mpenzi. Zisikilize. Mikono?"

"Mfukoni."

Akaketi. Vifuniko vililia kimoja kimoja, kisha vikapungua, kisha vikanyamaza. Fundi alisimama, akazunguka meza. Upande wa dirishani kulikuwa na chupa ambazo vifuniko vyake bado vilikuwa vimeinuka katikati. Akazingoja, hazikulia. Alifikiria ile rafu, alifikiria uso wa Tamu akirudi na lebo na kukuta nyingine hazifai, alifikiria ile ahadi ya kusimama naye mbele ya watu. Akautoa mkono mmoja mfukoni. Akakibonyeza kifuniko kimoja kwa dole gumba, taratibu, kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala.

*Tik.*

Mlio ni uleule. Na kifuniko kikabaki chini. Fundi alicheka peke yake, akaenda kwenye chupa iliyofuata.

Tamu aliporudi alizipitia zote, akigusa kila kifuniko, na macho yakazidi kumtoka. "Zote? Hata moja haikukataa?"

"Zimenihurumia."

Alimrukia, lebo zikatawanyika sakafuni. Kutoka chumbani mama akapaza sauti, "Nyie! Mtavunja chupa!" Hapo Fundi alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuipata tena, na hakuwa na hatia moyoni hata chembe, kwa maana hakujua. Hiyo tumpe.

Chupa zilikaa rafuni wiki kadhaa. Kisha mwenye duka akapiga simu, na hakusema hata habari. Kuna mteja alifungua chupa ikafoka povu. Mwingine alikuta ukungu. Nyingine zilikuwa zimechacha mpaka zinanuka pombe. Alizirudisha zote, nzuri na mbaya, kwa katoni zilezile, na rafu akampa mtu wa biskuti.

Jioni ile jikoni hakukuwa na moto. Tamu alikuwa amezipanga chupa mbovu mezani, mama ameketi, Fundi amesimama mlangoni na mikono mfukoni kama ada.

"Mama," alisema Tamu, "chupa ulizichemsha?"

"Nilizichemsha."

"Zote? Una uhakika?"

"Si nimekwambia nilizi..." Mama alisita. Wiki ile ile miwani yake ilikuwa imekutwa ndani ya kopo la sukari, na wote walicheka sana. Sasa hakuna aliyecheka. "Nilidhani nilizichemsha," alisema.

"Ulidhani."

"Tamu," Fundi aliingilia. "Hivi, kifuniko kinaweza kuonekana kimejifunga, kumbe hakijajifunga?"

Tamu hakugeuka hata kumtazama. "Labda mtu akibonyeze kikiwa bado cha moto. Kinazama kwa kulazimishwa, hewa inaingia taratibu. Lakini nani atafanya ujinga huo?"

Naam, hapo ndipo. Neno moja tu lilitakiwa, na mlango ulikuwa wazi kabisa. Fundi alifungua kinywa, akamwona Tamu alivyokunja uso, akakumbuka harusi, akakifunga. Alijiambia atasema kesho, hasira zikipoa. Wanaume wengi wameoza wakisubiri kesho ya aina hiyo.

Kesho haikuja, na kila siku iliyopita ilifanya ya kufuata kuwa ngumu zaidi. Mwiko tayari ulikuwa wa Tamu; sasa akakichukua na kile kisahani. Hakumfukuza mama. Alimpa tu kazi ya kupangusa chupa, halafu akazirudia kuzipangusa mwenyewe akidhani mama haoni. Mama aliona. Alianza kuuliza vitu ambavyo hakuwahi kuviuliza maishani: chumvi nimeweka? Mlango nimefunga? Hii ni ya leo au ya jana? Na siku moja, bila ugomvi wowote, alisema anataka kwenda kukaa kwa mwanawe mkubwa, mji mwingine.

"Kwa nini, mama?"

"Nisije nikaua watoto wa watu kwa mikono hii."

Fundi ndiye aliyembebea begi kituoni. Alimshika mkono akampandisha basi, akamtafutia kiti cha dirishani, akamnunulia maji. Mama alimshukuru, akamwambia, "Nitunzie binti yangu, baba. Wewe una mikono mizuri." Basi likaondoka. Fundi alirudi kwa miguu, mikono mfukoni.

Tamu alianza upya, kidogo kidogo, kwa wateja wa zamani. Alasiri moja alimpigia, kama zamani.

"Sikiliza," alisema, akailaza simu mezani.

*Tik.* Fundi alikuwa juu ya sanduku lake la vifaa. Alifumba macho.

"Leo nimempigia mama," sauti ya Tamu ilitoka kwa mbali. "Nimemuuliza nanasi linataka ndimu kiasi gani. Unajua amenijibu nini? Amesema, usiniulize mimi, mwanangu, nimeshasahau. Mama yangu! Alikuwa analia, Fundi. Mimi ndiye niliyemfanya hivyo."

*Tik.*

"Siyo wewe," alisema Fundi.

"Nani sasa?"

"Ni mimi. Ile siku ulipokwenda kuchukua lebo. Zile za dirishani hazikulia. Nilizibonyeza."

Akasikia stuli ikiburutwa, na sauti ya Tamu ikaja karibu.

"Ulizibonyeza."

"Nilidhani nazisaidia. Wallahi sikujua, mpenzi."

"Wewe si ndiye uliyeniambia kitufe hakibonyezwi ili lifti ije haraka? Si ndiye wewe, umesimama shimoni mbele za watu?"

"Ni mimi."

"Lini ulijua?"

Angeweza kudanganya. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, hakutaka. "Jioni ziliporudishwa chupa. Ulipojibu swali langu."

"Kwa hiyo kituoni ulikuwa unajua." Sauti yake haikupanda. Afadhali ingepanda. "Chupa ningekusamehe, Fundi. Ningekufukuza na mwiko, kesho yake ningekupigia. Lakini ulimbebea mama yangu begi. Ulimshika mkono ukampandisha basi, na ulikuwa unajua."

"Tamu..."

"Usiniite hivyo."

Akakata. Fundi alipiga, simu haikupokelewa. Akapiga tena na tena, mpaka akajiona mwenyewe kidole kikiwa kwenye kitufe, akaiweka simu chini.

Jumapili alipanda basi lilelile. Alimkuta mama sebuleni kwa mwanawe, amewekwa kwenye kochi mbele ya televisheni, mikono mapajani haina kazi. Fundi alikataa chai, akakaa chini sakafuni, akasema yote bila kujitetea. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akainua mikono yake, akaitazama, huku na huku.

"Kwa hiyo chupa nilizichemsha," alisema.

"Ulizichemsha, mama."

"Nilizichemsha!" Akacheka, na katikati ya kucheka machozi yakamtoka. "Ungeniambia siku ileile, baba, ningekuchapa na mwiko tukacheka. Sasa tutacheka na nani?"

"Mama, naomba unisamehe."

"Mimi nimekusamehe. Lakini kuna kitu umekichukua hapa," alijigusa kifuani, "na sijui kama unaweza kukirudisha. Binti yangu umeshamwambia?"

"Nimemwambia. Hataki kunisikia."

"Ni haki yake," alisema mama, akajipangusa machozi kwa ncha ya kanga yake. Hakuahidi kumwombea.

Muda ukapita. Fundi alitengeneza lifti za watu, alikula mkate mkavu, alijifunza kutoitazama simu. Alasiri moja akiwa chumba cha mitambo, simu iliita, na jina lilikuwa lile.

"Haloo?"

Hakuna aliyejibu.

*Tik.*

Akaketi juu ya sanduku. *Tik.* Alizisikiliza zote. Kisha vifuniko vikanyamaza, na sauti ya Tamu ikasema, kama mtu anayejisemea:

"Kuna moja haijalia."

"Usiiguse," alisema Fundi.

Alisikia pumzi ikimtoka, na hakujua ni kicheko au kilio. "Siigusi," alisema. "Mama amerudi."

"Alhamdulillahi. Anapika?"

"Uje umwone mwenyewe." Kisha akaongeza, "Isiyolia haiuzwi. Inaliwa leo. Njoo na mkate."

Alifika na shati jeupe na mkate kwapani. Tamu alifungua mlango. Alikuwa amekonda, kilemba cha kahawia kimefungwa ovyo, doa la pera kwenye gauni la njano.

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Nimekwambia uje na mkate tu."

"Nimekuja na mkate tu."

Akasogea pembeni mwa mlango. "Ingia. Mikono?"

Akaingiza mikono mfukoni, mkate bado umebanwa kwapani, na kwa nukta moja tabasamu la zamani lilitaka kuja usoni kwa Tamu, likarudi lilikotoka.

Jikoni, mama alikuwa mbele ya sufuria la mananasi, kisahani baridi mkononi. Aliitikia shikamoo kwa furaha, akamwita baba kama zamani. Alidondosha tone juu ya kisahani. Akasubiri. Akalisukuma kwa ncha ya kidole, na tone likakunjamana vizuri kabisa, wote watatu wakaliona.

Mama hakusema "imeiva". Alilitazama lile tone. Akamtazama binti yake, kisha akamnyooshea Fundi kisahani.

"Baba, hebu nitazamie. Imeiva?"

Tamu aligeukia dirishani.

"Mama," alisema Fundi, "si wewe ndiye unayejua?"

"Nilikuwa najua," alisema mama, bila kinyongo, na kisahani kikabaki kimenyooshwa.

Jemu ilikuwa ikichemka. Haikuwa na subira na majuto ya mtu.

"Imeiva, mama."

"Una uhakika?" aliuliza mama.

Tamu, uso bado dirishani, alinyoosha mkono nyuma yake akazima moto.